Saa Moja ya Simu Siyo Saa Moja Yetu

Leo tuzungumzie jambo linaloonekana dogo mpaka siku litakapokukosesha kivuko: namna simu yako inavyokuonyesha saa.

Fungua kalenda ya simu, ile unayoandikia kliniki ya mtoto, kikao cha VICOBA, zamu ya usafi kanisani au darsa la wanawake msikitini. Chukua kadi ya mwaliko iliyoandikwa "saa 2:00 asubuhi", uingize 2:00 AM kama tarakimu zinavyosema. Kengele italia saa nane usiku, nyumba nzima imelala. Ukisema uweke 2:00 PM, italia saa nane mchana, shughuli imekwisha na sahani zinaoshwa. Simu haijaharibika. Imefuata hesabu yake inayoanzia usiku wa manane, na sisi tuna hesabu yetu inayoanzia jua.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungukane. Kwanza, badilisheni simu zenu zionyeshe saa 24 na muachane na AM na PM. Pili, msione haya hata kidogo kusema saa moja, saa mbili, saa tatu kama mama zetu walivyosema. Tatu, anayetuma tangazo ndiye mwenye jukumu la kuandika saa isiyomlazimisha mama kubahatisha.

Saa zetu zina akili yake

Wapo wanaodhani saa ya Kiswahili ni ushamba wa kuondokana nao ukishanunua simu nzuri. Si kweli. Mwanza iko takriban digrii 2 na nusu kusini mwa ikweta. Mahali kama hapa mchana na usiku hugawana siku karibu sawasawa mwaka mzima, saa 12 huku na saa 12 kule. Jua la Mwanza huchomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni, iwe Januari au Julai. Kwa watu wa namna hiyo, kuanza kuhesabu kunapokucha na kuanza tena kunapokuchwa ni jambo la busara. Mtu wa Ulaya, ambaye jua lake huzama mapema mno wakati wa baridi na kuchelewa mno wakati wa joto, asingeweza kuhesabu hivyo.

Wala hatuko peke yetu. Ng'ambo ya ziwa, Waganda nao huita saa moja asubuhi ile ambayo simu inaiandika 7:00. Waethiopia hali kadhalika. Mfanyabiashara wa dagaa akitoka Mwanza kwenda Kisumu au Kampala hahitaji kubadilisha saa ya mkononi wala ya mdomoni.

Na tazameni wanawake wa dagaa wenyewe, pale Mwaloni Kirumba na kwenye mialo ya visiwani. Wanajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, kwa sababu taa haiwavuti dagaa pakiwa na mwanga. Giza likirudi, kazi inarudi. Mama huyo anaishi kwa kalenda ya mwezi, kwa saa ya jua, na kwa tarehe ya marejesho ya mkopo iliyo kwenye simu, vyote kwa siku moja, na havimchanganyi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba lazima tuchague moja. Tunachohitaji ni kujua kipi kinasema lugha gani.

AM na PM ndizo zinazotutega

Kwa nini nasema saa 24? Kwa sababu mfumo wa AM na PM unatumia tarakimu zile zile tunazotumia sisi, 1 hadi 12, lakini kwa maana tofauti. Ukiona 7:00 PM, jicho linakimbilia saba. Zile herufi mbili ndogo pembeni hazimwambii kitu mama ambaye hakufundishwa maana yake. Hata aliyefundishwa huteleza akiwa amechoka, mtoto mgongoni na sufuria jikoni. Na ugumu wa kupindukia ni 12:00 AM na 12:00 PM. Ya kwanza ni saa sita usiku, ya pili ni saa sita mchana. Waulizeni wasomi wenu wa nyumbani mara moja, mtaona wangapi wanasita.

Sasa tazama 19:00. Katika mazungumzo yetu hakuna anayesema "tukutane saa kumi na tisa". Tarakimu hiyo haina mwenzake kwetu, hivyo inakusimamisha na kukulazimisha kuhesabu. Ukitoa 18 unapata saa 1 usiku. Vivyo hivyo 14:00 ni saa 8 mchana, kwa kutoa 6. Kuanzia 13:00 hadi 23:00, nusu nzima ya siku, mtego umeondoka. Kwa saa za usiku wa manane, 00:00 ni saa 6 usiku, 01:00 ni saa 7 usiku, na kuendelea kwa kuongeza 6.

Mwenzangu mmoja atasema: na asubuhi je? 07:00 si bado inafanana na saa saba? Ni kweli, na sitaficha. Saa 24 haziondoi mkanganyiko wa asubuhi. Ndiyo maana nashauri tabia ya pili: unapoandika tukio kwenye kalenda, kwenye jina la tukio lenyewe andika saa kwa Kiswahili. Usiandike "Kliniki" tu. Andika "Kliniki ya mtoto, saa 2 asubuhi", kisha mashine uiwekee 08:00. Kengele ikilia, utasoma maneno yako mwenyewe. Na kama umeikosea tarakimu, utaiona siku hiyo hiyo, kwa sababu maneno na tarakimu havitakubaliana.

Jambo moja la kuwatoa hofu: kubadilisha mwonekano hakuhamishi miadi yako. Ndani ya simu, tukio limehifadhiwa kama wakati mmoja tu. AM, PM na saa 24 ni nguo linazovalishwa. Ukibadilisha leo, kengele ya kesho italia palepale.

Dawa za mtoto hazina mzaha

Kama mkanganyiko huu ungeishia kwenye harusi na vikao, nisingepoteza muda wenu. Lakini huku ziwani malaria ni mgeni asiyeaga, na dawa zina saa zake.

Chukua dawa mseto ya malaria, ALu. Dozi ya kwanza hutolewa mara moja, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku ya pili na ya tatu. Jumla ni dozi 6 kwa siku 3. Sasa sikilizeni maneno "baada ya saa nane". Kwa sikio la Kiswahili, "saa nane" ni muda uliopita, na "saa nane" pia ni ile saa ya mchana baada ya chakula. Mtoto amepewa dozi ya kwanza saa 4 asubuhi. Mama aliyesikia "saa nane" anaweza kumpa ya pili saa 8 mchana, yaani baada ya saa 4 tu. Ilipaswa kuwa saa 12 jioni.

Hapa ndipo kalenda ya simu inapokuwa rafiki. Ukiwa bado dirishani kwa mtoa dawa, simu mkononi, muulize: "Ya pili iwe saa ngapi, asubuhi, mchana au jioni?" Weka 18:00, andika "Dawa ya pili, saa 12 jioni". Weka na zote zilizobaki kabla hujaondoka. Na zile alama za kwenye bahasha, 1x3 au 2x2, ombeni zigeuzwe kuwa saa. Dawa ya mara mbili kwa siku hapa saa yetu inasaidia kweli: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, namba ile ile, saa 12 kati yake. Mtu wa saa 24 atakumbuka 08:00 na 20:00. Sisi tuna "mbili na mbili".

Usiku huu ni wa siku gani?

Jambo la pili ambalo simu na sisi hatukubaliani ni mahali siku inapoanzia. Kalenda ya simu hugeuza tarehe saa 6 usiku. Waislamu miongoni mwetu wanajua kwamba siku huanza magharibi. Mwezi ukiandama jioni, tarawehe ya kwanza ni usiku uleule, na nia ya kufunga ni usiku uleule. Lakini programu nyingi zenye tarehe za Hijria husubiri mpaka saa 6 usiku ndipo zibadilishe. Wasabato, na huku Mwanza, Mara na Ukerewe hawakosi kila kijiji, huanza Sabato yao Ijumaa jua linapozama. Kwenye simu zao bado ni Ijumaa, mambo ya kazi yameorodheshwa mpaka usiku.

Kiswahili nacho kina desturi hiyo. Wazee wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao simu inauita Alhamisi. Redio nazo hutuambia "usiku wa kuamkia leo", msemo mzuri unaofunga mlango wa ubishi. Kwa hiyo mkipanga mkesha, andikeni "usiku wa kuamkia Jumamosi". Msiandike "Jumamosi usiku" halafu mkalaumiana.

Na wanaosafiri wasikilize kwa masikio mawili. Tiketi ya ndege iliyoandikwa 00:30, Jumamosi, inakutaka uwe uwanjani Ijumaa usiku. Ukilala Ijumaa na kuamka Jumamosi ukijipanga kwa safari ya usiku, ndege imekwenda zamani. Binti anayekwenda Muscat kutafuta maisha, au bibi anayekwenda Umra kwa fedha alizodunduliza miaka, hana tiketi ya pili mkobani.

Mwanza si Dar es Salaam

Nchi yetu yote inatumia saa moja rasmi, lakini jua halisomi sheria. Mwanza iko magharibi ya Unguja na Dar es Salaam kwa zaidi ya digrii 6, na kila digrii moja ni dakika 4. Matokeo yake, jua la Mwanza huchelewa kwa takriban dakika 25. Mwenzako wa Unguja akikutumia ujumbe kwamba wamekwishafuturu, wewe Mwanza jua bado unaliona juu ya maji.

Sasa fikiria programu ya nyakati za sala ambayo mipangilio yake imebaki Dar es Salaam. Itakuambia magharibi imeingia wakati haijaingia. Umefunga tangu alfajiri, umevumilia joto na kiu, halafu unafungua dakika 25 kabla ya wakati kwa sababu ya neno moja kwenye mipangilio. Msabato naye ataanza na kumaliza Sabato mapema kwa kipimo hicho hicho. Hakikisheni mahali palipoandikwa ni Mwanza, au Nansio, au pale mlipo.

Hilo msilichanganye na eneo la saa. Kwenye orodha ya maeneo ya saa huenda usiione Mwanza, ukaona Nairobi au Dar es Salaam. Hapo usihangaike. Tanzania na Kenya zinatumia saa ile ile, saa 3 mbele ya saa ya dunia. Eneo la saa linaweza kuwa Nairobi na mambo yakawa sawa. Mahali pa sala hapawezi.

Namna ya kufanya

Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya tarehe na saa, washa mfumo wa saa 24. Kwenye iPhone iko ndani ya mipangilio ya jumla, sehemu ya tarehe na saa. Kalenda ya Google kwenye simu hufuata mpangilio huo. Ukiifungua kwenye kompyuta ina mpangilio wake yenyewe, karibu na lugha.

Msifanye jambo moja: kuirudisha saa ya simu nyuma kwa saa 6 kwa mkono ili isome kama sisi. Saa ya ukutani au ya mkononi ni yako, irudishe upendavyo. Saa ya mishale haina hata haja, maana ukitazama namba iliyo mkabala na mshale mfupi umepata saa yetu: mshale uko 9, mkabala wake ni 3. Lakini simu inaongea na simu nyingine. Ukiichezea saa yake, WhatsApp itakulalamikia kwamba tarehe si sahihi, na baadhi ya kurasa za intaneti zitakataa kufunguka.

Kwa wanaotaka kuona saa ya Kiswahili kwenye kioo, kuna njia halali. Kwenye saa za dunia ongeza mji wa Buenos Aires, kule Argentina. Wao wako saa 6 nyuma yetu mwaka mzima. Mwanza ikiwa 07:00, Buenos Aires ni 01:00. Ikiwa 10:00, kule ni 04:00. Umepata saa moja na saa nne zako bila kugusa saa ya simu. Kwa nusu ya pili ya siku, hiyo saa ya pembeni ikikuonyesha AM na PM ndiyo vizuri: 19:00 ya Mwanza itaonekana 1:00 PM. Kalenda ya Google kwenye kompyuta inakuruhusu kuweka eneo la pili la saa pembeni na kulipa jina. Liite "Kiswahili". Inachekesha kwamba ili tuone saa zetu inabidi tupitie kwa Waargentina, lakini mwenye haja haangalii njia ndefu.

Ya wenye matangazo, na ya watengenezaji

Sasa ninyi mnaotuandikia: makatibu wa vikundi, shule, vituo vya afya, wakata tiketi, kamati za harusi. Mama anayetoka Ukerewe kuja Mwanza hapotezi saa moja akikosea. Anapoteza kivuko, siku ya kazi, nauli ya kwenda na kurudi, na pengine usiku wa kulala kwa watu. Mwandikieni hivi: "Jumatano, saa 3:00 asubuhi (09:00)". Sehemu ya siku iwepo daima, na saa ya mashine iwe pembeni. Ni tarakimu nne tu. Saa uliyomwambia mtu ni ahadi, na ahadi isiyoeleweka ni nusu ya ahadi.

Na vijana wetu mnaotengeneza programu, kuna kazi hapa. Majina ya siku na miezi kwenye simu zetu kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye hazina ya lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa na Unicode. Humo Kiswahili kimo, na maneno ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku yamo. Lakini maneno peke yake hayatoshi. Programu ikiweka "asubuhi" mahali pa AM bila kugusa tarakimu, inatuletea "7:00 asubuhi", saa ambayo Mswahili hajawahi kuiishi. Saba ni ya mchana au ya usiku, asubuhi haina saba. Tunaomba chaguo la tatu kwenye mipangilio, kando ya saa 12 na saa 24: saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu kunapokucha. Hesabu yenyewe ni kutoa sita. Hakuna sababu ya ufundi ya kulikosa.

Mpaka hapo litakapokuja, wapo watakaoniambia kwamba kuweka saa 24 ni kuuza lugha. Sioni hivyo. Simu ni karani. Karani anaandika kwa mwandiko wake kwenye daftari lake, mwenye nyumba anaongea lugha yake. Lugha hufa watu wanapoacha kuisema, na mimi nawaomba muendelee kuisema, muwafundishe na watoto. Mtoto wa mjini anayesoma "7:00" na kutamka "saa saba asubuhi" arekebishwe kwa upole siku hiyo hiyo, sebuleni, kabla hajamkosesha bibi yake kivuko.

Wiki hii, dada yangu, fanya mambo matatu. Weka simu yako saa 24. Hakikisha mahali pa sala ni hapo ulipo. Kisha chukua simu ya mama yako, au ya jirani mzee, umfanyie na yeye, umwandikie miadi yake ya kliniki ijayo kwa maneno anayoyasema mwenyewe. Wakati ni ukuta, walisema wahenga, na ukishindana nao utaumia.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.